Picha ya Ukutani Inayouzwa kwa Hisani: Namna ya Kupima Ubora Wake

Ubora wa picha ya sanaa iliyochapwa hujulikana kwanza kwenye sehemu zake za giza. Mkoani Songwe kipimo cha jambo hilo kipo tayari: Kimondo cha Mbozi, bonge la chuma la takribani tani 16 lililolala kwenye mteremko wa mlima Marengi. Kwa mpiga picha wa ridhaa anayetaka kuuza nakala ili kuchangia shule au zahanati, hakuna kinachovutia zaidi katika eneo hilo, wala kinachoumbua zaidi. Chuma ni cheusi na jua la mchana humulika mgongo wake. Nakala mbovu hukigeuza doa la lami lenye utepe mweupe juu. Nakala nzuri huonyesha vibonyeo vya uso wake na mkato ulioachwa na msumeno pale kilipochukuliwa kipande cha uchunguzi, na mng'ao wa juu bado huwa na rangi ya chuma ndani yake. Haya yasikaguliwe chini ya taa ya dukani, ambayo hupotosha rangi. Nakala isogezwe mlangoni, kwenye mwanga wa kivulini.

Nyuso ni mtihani mgumu kuliko chuma. Kwa miongo mingi maabara za picha za rangi zilipanga mitambo yao kwa kadi za kampuni ya Kodak zilizojulikana kwa jina la Shirley, zenye picha ya mwanamke Mzungu. Ngozi nyeusi ikatoka imezama gizani au imepauka. Mitambo imerekebishwa, mazoea hayajaisha. Yapo mazoea ya studio kung'arisha nyuso kwa programu kabla ya kusafisha picha, zikiamini zinampendezesha mteja. Uso wa mchuma kahawa wa Mbozi uliofanyiwa hivyo hupoteza wekundu ulio chini ya ngozi, na jasho lililokuwa likisimulia kazi huondoka pamoja na mikunjo. Nakala ya namna hiyo haifai kununuliwa, hata kama fedha zinakwenda mahali pema.

Foleni ya malori ya Tunduma yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, hudai kitu kingine: ukali wa mistari. Nakala ya ukubwa wa A3 ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi huhitaji faili la takribani megapikseli 17. Picha iliyopokelewa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida haifiki hapo, kwa kuwa imebanwa njiani. Mchapaji akijaribu kuficha upungufu kwa kunoa picha kupita kiasi, ufito mwembamba mweupe hujitokeza pale turubai la lori linapokutana na anga. Hata hivyo wapenzi wa vifaa hupitiliza katika suala hili. Picha ya ukutani hutazamwa kutoka hatua mbili au tatu, na ukungu wa milima ya Ileje hauhitaji megapikseli nyingi.

Karatasi na wino ndivyo vinavyoamua umri wa nakala. Karatasi bora hutengenezwa kwa pamba, haina asidi, na huwa nzito, mara nyingi gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba. Wino wa chembe hudumisha rangi kuliko wino wa majimaji wa printa za bei nafuu, ambao jua huufifisha mapema. Kutia nailoni juu ya picha, kama inavyofanyiwa vyeti, si ulinzi wa picha ya sanaa: nailoni ikianza kubanduka haitoki bila kuiharibu. Anayetaka kuona kazi ya karatasi iliyoandaliwa kwa subira anaweza kutazama picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe za Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930. Picha za aina hiyo zisipooshwa vya kutosha baada ya kutiwa dawa hugeuka manjano.

Fremu huhitaji maneno machache. Kioo kisiguse picha. Kadi nene ikae kati ya viwili hivyo, la sivyo unyevu huigandisha picha kwenye kioo. Nyuma izibwe kabisa, maana vumbi la kiangazi hupenya popote.

Lipo pia la idhini. Picha ya mtoto mgonjwa inayouzwa kuisaidia hospitali yake huuzika haraka, na ndiyo inayopaswa kutiliwa shaka kuliko zote. Mzazi awe ameelewa kwamba sura ya mwanawe itatundikwa sebuleni kwa watu asiowajua, na awe na nafasi ya kukataa bila kuogopa kukosa huduma.

Mwisho ni hesabu. Nakala yenye toleo maalumu huandikwa namba kwa penseli, mfano 3/25, pamoja na sahihi, na mpiga picha hachapi ya 26. Maneno "mapato yote" na "faida yote" hutofautiana sana, kwani kusafisha picha, fremu na nauli vinaweza kumeza sehemu kubwa ya bei. Stakabadhi iliyo kamili hutenganisha gharama na mchango na kumtaja mpokeaji. Kwa Tunduma, ambako mnunuzi anaweza kulipa kwa kwacha, huandikwa pia kiwango cha kubadilishia fedha cha siku hiyo.