Hongera, mkutano wa kijiji

Masomo yakiisha alasiri, watoto wengi wa Sengerema huelekea malishoni au mwaloni kwenye dagaa. Wazazi wanaotaka watoto hao wapate masomo ya ziada, vitabu au kiwanja cha michezo wana pa kuanzia: mkutano mkuu wa kijiji.

Chombo hiki kinastahili pongezi. Kwa mujibu wa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake, na mkutano hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hakuna kadi ya mwaliko. Mama muuza dagaa ananyoosha mkono, anaeleza kuwa darasa la saba hawana pa kujisomea jioni, na mtendaji wa kijiji anaandika hoja yake kwenye muhtasari.

Hapo ndipo safari inapoanza. Hoja hupanda hadi Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani, kisha Baraza la Madiwani, ambamo mbunge naye ni mjumbe. Tangu 2009 upo pia Mfuko wa Jimbo wa kuchochea miradi ya wananchi.

Tatizo ni mahudhurio. Wengi huja pakiwa na ugomvi wa ardhi tu.

Wazazi wa Sengerema, mkutano ujao nendeni na ombi lililoandikwa: chumba kipi, siku zipi, msimamizi nani. Kisha mdaini diwani majibu.