Takhmisi Juu ya Mchezo wa Kale: Kuchagua Nyongeza za Morrowind

Mchezo wa kompyuta uitwao Morrowind, wa tatu katika mfululizo wa The Elder Scrolls, ulitolewa na kampuni ya Bethesda ya Marekani mwezi wa Mei 2002. Umeshapita miaka ishirini, umri ambao kwa michezo ya kompyuta ni ukongwe, na bado wako wanaourudia mara kwa mara kama mtu anavyorudia diwani aipendayo. Sababu ya kwanza ni uzuri wake. Sababu ya pili ni kwamba pamoja na mchezo wenyewe zilitolewa zana walizoutumia waundaji wake, programu iitwayo Construction Set, ambayo kwayo mchezaji yeyote mwenye subira aliweza kuongeza nyumba, mtu, kisa, au nchi nzima. Nyongeza hizo wachezaji huziita modi, nazo leo ni maelfu. Basi anayetaka kuurudia mchezo huu hukutana na swali kabla ya kuanza kuucheza: achukue nyongeza zipi, na zipi aziache?

Swali hili halipaswi kuwa geni kwa wapenzi wa ushairi wa pwani, kwa kuwa washairi wetu walilijibu zamani kwa kutunga takhmisi. Mtunga takhmisi huuchukua ubeti wa mtangulizi wake wenye vipande viwili, akautangulizia vipande vitatu vyake mwenyewe, vikawa vitano. Sharti lake ni kali. Vipande vipya lazima vifuate kina cha kipande cha kwanza cha asili, na mwisho wa ubeti neno humrudia mwenyewe: kipande cha tano ni cha mtunzi wa kwanza, na kina chake ndicho kinachopita katika shairi zima. Ndivyo ilivyo katika Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, ambamo maneno yanayohesabiwa kuwa ya Fumo Liyongo yalipata wenziwe wapya baadaye sana. Aliyeongeza hakumnyang'anya Liyongo kauli ya mwisho. Kipimo hicho kinafaa kutumiwa hapa: nyongeza njema ni ile inayokubali kwamba mwisho wa ubeti si wake.

Asili yenyewe ni ipi? Ni kisiwa kiitwacho Vvardenfell, chenye mlima wa moto katikati na tufani za majivu zinazoteremka kutoka mlimani. Mchezaji huletwa kwa merikebu akiwa mfungwa, akafunguliwa katika kijiji cha Seyda Neen bila ya kuelezwa kwa nini, na kutumwa mji wa Balmora akamtafute mtu asiyemjua. Dola ya kigeni ina ngome zake, koo kubwa za wenyeji zina fitina zao, mashambani kuna watumwa, na mgeni huitwa mgeni kila anapopita. Msomaji wa visiwani hahitaji mkalimani wa kumweleza uzito wa mambo hayo. Ndani ya mchezo mna vitabu vinavyosomeka, na miongoni mwavyo ni mafunzo 36 ya mungu-mshairi Vivec, yaliyoandikwa kwa mafumbo mazito. Kuhusu vita vya kale vilivyopiganwa katika mlima huo, kila kundi lina simulizi yake, na simulizi hizo hupingana. Mchezo haukati shauri. Humwachia mchezaji kazi ya kupima, kama msikilizaji wa tarikh mbili za mji mmoja.

Kazi ya kuchagua hubadilika kwa kutegemea mahali alipo mchaguzi. Kwa kijana wa Magomeni, Dar es Salaam, ukongwe wa Morrowind ni neema. Mchezo ulitaka kompyuta ya Pentium III ya megahezi 500 na nafasi ya gigabaiti moja tu katika diski, kiasi ambacho kompyuta iliyotumika, ya aina inayouzwa Kariakoo, hukivuka bila ya kuhema. Nyongeza ndizo zenye uzito. Mkusanyiko wa picha mpya za kuta na nguo waweza kuwa mkubwa mara nyingi kuliko mchezo wenyewe, na anayeupakua kwa kifurushi cha simu hulipa kwa kila sehemu yake. Hivyo mtu wa Magomeni hulazimika kufanya jambo ambalo mwenye mashine ya fahari hana haja ya kulifanya, nalo ni kuuliza kila nyongeza imekuja na nini. Dhiki haina sifa, lakini katika jambo hili humfundisha mtu uhakiki.

Za kwanza kuchukuliwa ni zile zinazosahihisha tu. Patch for Purists huondoa makosa ya waundaji: neno lililokosewa, mlango usiofunguka, kisa kinachokwama njiani. Morrowind Code Patch hutibu kasoro za mtambo wenyewe. Mradi wa OpenMW, ulioanza mwaka 2008, umeujenga upya mtambo huo kwa programu huria, lakini bado humtaka mchezaji awe na faili za mchezo wa asili, kama mghani mpya anayesoma kutoka muswada ule ule. Kazi hizi ni za mnakili mwaminifu. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa yalitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor waliyakusanya na kuyaandika, na William Hichens akayahariri katika diwani ya mwaka 1940. Anayefuta kosa la mnakili hajaongeza ubeti wowote. Hapa hapana ubishi.

Ubishi huanza kwenye ukungu. Kompyuta za mwaka 2002 hazikuweza kuchora nchi ya mbali, na kwa hiyo Morrowind hufunika upeo wa macho kwa ukungu. Nyongeza ya MGE XE huuondoa, mchezaji akaona milima na minara hadi baharini. Wengi hushangilia, na picha zake hakika ni nzuri. Lakini ukungu ukiondoka, siri moja hufichuka: kisiwa ni kidogo. Mji wa Vivec, ambao katika asili hufikiwa kwa safari yenye hofu, huonekana kuwa umbali wa kutupa jiwe. Udhaifu wa mashine ulikuwa umegeuka kuwa mbinu ya sanaa, sawa na mizani, ambayo humbana mshairi kisha ikampa mwendo. Uamuzi wa haki ni kuupunguza ukungu kiasi cha kupumzisha jicho, na kuuacha ubaki.

Picha mpya nazo zina hatari yake. Siku hizi ziko zilizokuzwa kwa akili mnemba, kila jiwe likawa na nyufa zake na kila nguo ikaonesha nyuzi. Jiwe moja moja hupendeza. Yakikusanywa mawe ya mafundi kumi, mji hupoteza rangi yake moja ya majivu na udongo. Mhariri wa mashairi ya Kiamu anajua balaa hilo. Akiona neno "mato" akalibadilisha kuwa "macho" ili msomaji wa leo afahamu, maana imebaki, lakini kina cha "mato" na "moto" kimekufa. Usahihi wa kila neno peke yake hauliokoi shairi. Atakayechukua picha mpya na achukue za fundi mmoja aliyeitazama rangi ya asili, au aziache zote.

Modi inayogusa moyo wa mchezo zaidi ni ya mshale. Katika Morrowind hakuna alama inayomwonesha mchezaji pa kwenda. Huambiwa kwa maneno: toka lango la kusini, fuata mto, ukifika penye njia panda shika mkono wa kushoto, mlango uko nyuma ya jabali. Mara nyingine maelekezo hayo yana kasoro, na msafiri hupotea. Zipo nyongeza zinazoweka alama juu ya kila anapotakiwa kwenda, kama ifanyavyo michezo iliyokuja baadaye. Mkazi wa Magomeni ana ya kusema hapa. Mtaani kwake mgeni huelekezwa hivyo hivyo: shuka Mapipa, upite msikiti, uliza duka la fulani, nyumba ni ya tatu yenye mwembe. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliweka namba na vibao vya mitaa, na faida yake haina shaka kwa mgonjwa anayesubiri gari. Hata hivyo anayeelekezwa kwa maneno hulazimika kuutazama msikiti, duka na mwembe, na akifika amekwisha kuujua mtaa. Anayefuata mshale hufika akiwa ameujua mshale. Mchezo huu umetungwa juu ya kuutazama mtaa, na mshale huufuta.

Hukumu hiyo hiyo yaifaa modi inayofanya kila pigo la upanga lipate. Katika asili, upanga waweza kuonekana umemgusa adui na mchezo ukaamua kuwa pigo limekosa, kwa kuwa mpiganaji hajajifunza au amechoka. Jambo hili huudhi. Lakini kisa ni cha mfungwa asiye chochote anayekuja kuambiwa kwamba huenda ndiye aliyetabiriwa. Ukimpa ushujaa tangu kijiji cha kwanza, utabiri haumhusu tena. Tofauti na hilo, kuwapunguzia kelele ndege wa majabali wanaomsumbua msafiri kila hatua hakuharibu kitu. Hao ni chawa katika nguo, na kutoa chawa si kuishona nguo upya.

Nyongeza kubwa ni za namna mbili, na Magomeni yenyewe inazo zote mbili kwa mfano wa majengo. Iko nyumba aliyoishi Mwalimu Julius Nyerere kabla ya Uhuru, ambayo sasa ni makumbusho: imetunzwa, na aliye na haja ya kujenga hujenga penginepo. Iko pia Magomeni Kota, ambako nyumba za zamani zilibomolewa, na mwezi wa Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua maghorofa yaliyokusudiwa kaya 644 zilizokuwa zikiishi hapo. Tamriel Rebuilt ni ya namna ya kwanza. Kwa zaidi ya miaka ishirini watu wa kujitolea wamekuwa wakijenga nchi ya bara iliyo ng'ambo ya kisiwa, wilaya baada ya wilaya, bila ya kukivunja kisiwa chenyewe. Morrowind Rebirth ni ya namna ya pili: hubadilisha miji, bei, silaha na nguvu za maadui. Kwa familia inayohitaji paa, ghorofa ni haki na tena ni furaha. Kazi ya sanaa haina mkaaji anayenyeshewa, na anayeibomoa hana udhuru huo. Rebirth yaweza kumfaa aliyekwisha kuijua asili kwa moyo. Kwa anayeingia mara ya kwanza, ni ubeti ambao kipande cha tano kimeondolewa.

Imebaki sauti. Mazungumzo mengi ya Morrowind ni ya kusomwa kimya, na katika miaka hii ya 2020 zimetokea modi zinazoyasomesha kwa akili mnemba. Watu wa Dar es Salaam wana kipimo cha kuzipimia. Wanawakumbuka wafasiri wa filamu, na Lufufu miongoni mwao, ambao sauti zao ziliwekwa juu ya filamu za kigeni zilizooneshwa katika vibanda vya video. Wafasiri hao walieleza, wakachekesha, wakamkemea mhusika mpumbavu, na mtazamaji alijua ni nani anayesema naye. Walikuwa watunga takhmisi wa mdomo. Sauti ya mashine haimwelezi mtu lolote. Huyakariri maneno ya Kiingereza yaliyokwisha kuandikwa, na asiyeyafahamu kwa kuyasoma hayafahamu kwa kuyasikia.

Na hapo ndipo penye mzizi wa jambo. Mchezo huu ni wa kusoma, na lugha yake ni Kiingereza. Ulitafsiriwa kwa Kijerumani na Kifaransa. Kijana wa Magomeni anayekimbilia mshale mara nyingi hakimbii uvivu, anakimbia maelekezo asiyoyafahamu, na kumlaumu bila ya kumpa maneno si uungwana. Dawa yake haimo katika picha kali wala upeo ulio wazi. Imo katika Kiswahili: mazungumzo, shajara na vitabu vile 36 vitiwe katika lugha ambayo kwayo hata mgeni wa Mapipa huelekezwa akafika. Zana za kuifanya kazi hiyo zimekuwapo tangu 2002, na faili za maandishi ni nyepesi kuliko mikusanyiko ya picha mpya. Hiyo ndiyo nyongeza inayostahili kutangulia mbele ya zote baada ya masahihisho, nayo yahitaji watu wanaojua mizani ya sentensi kuliko wanaojua mashine.