Pigo la Kati ni la Nani? Sikwensa na Marimba ya Busoga

Makala haya yanahoji dhana moja iliyojificha ndani ya sikwensa: kwamba pigo la kati ni pambo tu la pigo kuu. Tangu Roger Linn alipounda mashine ya ngoma LM-1 mwaka 1980, programu nyingi zimerithi nyenzo zake mbili: usawazishaji, unaosogeza kila pigo hadi kwenye mstari ulio karibu nalo, na swingi, inayochelewesha kila pigo la pili. Asilimia 50 haina mbwembwe. 66 hivi huleta mgawanyo wa tatu.

Embaire ya Busoga hupigwa kwa kupokezana. Pigo la mmoja huangukia katikati ya mapigo mawili ya mwenzake, na kila mmoja huweza kulihesabu lake kuwa ndilo kuu. Kwa hiyo usawazishaji hauidhuru sana, kinyume na malalamiko tuliyoyazoea. Balaa ni swingi. Katika studio moja ya Nakaloke, karibu na Mbale, nilimsikiliza fundi akiwarekodi wapigaji kutoka upande wa Jinja, kisha akaiweka swingi kwenye 60 ili muziki “uchangamke”. Hakuchelewesha pambo, alimchelewesha mpigaji mmoja mzima. Ile sauti isiyopigwa na yeyote ila husikika na wote, ambayo Gerhard Kubik aliieleza katika marimba ya Buganda jirani, ikavunjika.

Wanaopendekeza kompyuta katika ufundishaji wa muziki wa jadi wadai kwanza kila mpigaji arekodiwe peke yake, na swingi izimwe.