Hati Safi na Kazi Safi

Kila mwaka, ripoti za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali zinapotoka, shangwe husikika katika halmashauri zetu: tumepata hati safi! Viongozi hupongezana, na baadhi yao husimama mbele ya wananchi wakaitumia hati hiyo kama ushahidi kwamba hakuna hata senti moja iliyopotea. Ni wajibu wetu kuichambua fikra hii, kwa sababu ni fikra potofu, na fikra potofu huzaa vitendo potofu.

Tuanze na maana. Mkaguzi anayetoa hati inayoridhisha anasema jambo moja tu: kwamba taarifa za fedha zinaonyesha hali halisi na zimeandikwa kwa kufuata viwango vinavyokubalika. Hasemi kwamba jengo lililojengwa lilihitajiwa na wananchi. Halmashauri yaweza kununua mabati kwa bei ya kuruka, ikaiandika bei hiyo kwa usahihi kabisa, na taarifa yake ikawa safi. Ndiyo maana hati safi na hoja nyingi za ukaguzi huweza kukaa pamoja katika ripoti moja. Anayeshangilia hati na kuzipuuza hoja anajidanganya, na mbaya zaidi anaudanganya umma.

Hesabu, basi, yaweza kuwa sahihi na bado isimtumikie mwenye mali. Historia ya njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, inatufundisha hivyo. Katika karne ya 19 biashara ile haikukosa hesabu. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, na mikopo ya matajiri wa Zanzibar, kama ile ya Taria Topan kwa Tippu Tip, ilikuwa na kumbukumbu zake. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi, aliyezibeba pembe hizo, hakuwa na sauti juu ya daftari hilo. Daftari lilimjibu mwenye mtaji, si mwenye mgongo.

Njia hiyo imetuachia pia maneno ya kutafakari. Hongo ilikuwa ushuru ambao watemi waliitoza misafara iliyopita katika nchi zao. Ulijulikana na watu waliujadili. Leo neno hilo hilo ni jina la rushwa. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi njiani. Leo, katika baadhi ya ofisi, posho ndiyo sababu ya kikao kuitishwa. Malipo yakiondoka machoni pa watu, hata jina lake huoza.

Ukoloni haukubadili mwelekeo huo wa hesabu. Mpango wa karanga ulioanza mwaka 1947 Kongwa, kisha ukafikishwa Urambo na Nachingwea, ulianguka mwaka 1951, na karibu pauni milioni 36 zikafutwa vitabuni. Wakaguzi hawakunyamaza: katika hesabu zilizoishia Machi 1949 walieleza kwamba vitabu havikuwekwa inavyopasa. Ukaguzi huo ulikuwa wa kweli. Lakini majibu yalidaiwa London, katika Bunge la Uingereza. Mkulima wa Urambo, ambaye misitu ya nchi yake ndiyo iliyofyekwa, hakuwa mtu wa kupewa hesabu.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Taifa lilihitaji wahasibu wake lenyewe. Mwaka 1972 zilitungwa sheria zilizoanzisha Chuo cha Usimamizi wa Fedha na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu. Mwaka 2012 Serikali Kuu ilianza safari ya kuhamia viwango vya kimataifa vinavyotaka deni liandikwe siku linapoingia, si siku linapolipwa. Baadaye mfumo wa malipo wa MUSE ukachukua nafasi ya EPICOR. Haya ni mafanikio, na asiyeyatambua hatutendei haki.

Upungufu uko katika shabaha ya mafunzo. Mhasibu wetu husomeshwa kwa Kiingereza, hupimwa kwa uwezo wa kuandaa taarifa ya kumridhisha mkaguzi, na hapimwi kwa uwezo wa kuieleza taarifa hiyo katika Mkutano Mkuu wa Kijiji. Hivyo anafundishwa kutazama juu tu. Huo ni urasimu uliovaa joho la utaalamu.

Wapo watakaosema kwamba mwanakijiji hawezi kuelewa uhasibu. Hoja hii haina msingi. Mkulima wa tumbaku wa Kaliua, Sikonge au Urambo anajua kilo zake, daraja la kila mtumba, na makato ya mbolea katika chama chake cha msingi. Asichokielewa si hesabu. Hakielewi kile ambacho hakuna aliyetaka akielewe.

Tufanye nini? Kwanza, vyuo vya uhasibu vimpeleke mwanafunzi kijijini, akasome mapato na matumizi mbele ya wenyewe, kwa Kiswahili, na kujibu maswali yao. Na hilo liwe sehemu ya mtihani. Pili, utunzaji wa stakabadhi uheshimiwe kama kazi ya uhasibu, maana malipo yasiyo na hati hayana mtetezi. Tatu, kila kiongozi wa Chama anayetangaza hati safi azisome na hoja za ukaguzi katika mkutano huo huo, aseme zipi zimejibiwa na zipi bado.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunalo sasa, tena la kisasa. Kazi iliyobaki ni kulifungua mbele ya mwenye mali, na hiyo ni kazi ya siasa. Makada wasiwaachie wahasibu peke yao.