Pima Kwanza: Somo la Chuma Kutoka Pemba

Mtoto akipauka viganja na kukosa nguvu, mzazi wa Unguja hukimbilia dawa ya kuongeza damu. Ana haki ya kufanya hivyo, kwa kuwa bila chuma mwili hauwezi kutengeneza hemoglobini. Lakini je, chuma kigawiwe kwa kila mtoto, hata asiyepimwa? Jibu lilipatikana kwa jirani zetu wa Pemba, wakati malaria ilikuwa bado kali huko.

Watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu watoto 24,076 wenye umri wa mwezi 1 hadi 35. Kundi la kwanza lilipewa chuma na asidi ya foliki kila siku, la pili likaongezewa zinki, na la tatu likapewa vidonge visivyo na dawa. Dozi ya chuma ilikuwa miligramu 12.5, na walio chini ya mwaka mmoja walipewa nusu yake.

Agosti 2003, kamati ya usalama iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri chuma kisimamishwe. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2006: kwa waliopewa chuma, kulazwa na vifo kwa pamoja vilizidi kwa asilimia 12. Hakuna daktari ambaye angeiona tofauti hiyo wodini kwa macho. Ilihitaji maelfu ya watoto na kundi la kulinganisha.

Utafiti huo ulikuwa na tawi dogo, nalo ndilo lenye uzito zaidi kwangu. Humo watoto walipimwa damu mwanzoni, na walioonekana na malaria au upungufu wa damu wakatibiwa. Wenye upungufu wa chuma walinufaika nacho. Huko Nepal, utafiti kama huo ulifanyika mahali pasipo na malaria nyingi, na madhara yale hayakuonekana. Kwa hiyo chuma chenyewe si sumu. Hatari ilikuwa kukigawa bila kupima, mahali penye malaria kali na matibabu haba.

Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani sasa linataka chuma katika maeneo ya malaria kiambatane na kinga, vipimo na tiba ya ugonjwa huo. Malaria imepungua sana Zanzibar tangu wakati ule, lakini kanuni inabaki. Kabla ya kununua chupa ya dawa hiyo sokoni Darajani, mpeleke mtoto akapimwe damu na malaria. Akikutwa na upungufu, mpe dawa kwa dozi aliyoandikiwa na umalize siku zote alizopangiwa.