Sallustius na Askari Makabwela: Uhakiki Mfupi wa "Vita vya Jugurtha"

Wanaosoma historia ya Roma hufundishwa mapema kwamba Gaius Marius, alipokuwa konsuli mwaka 107 K.K., aliligeuza jeshi kwa kuwaandikisha maskini, na kwamba maskini hao ndio walioiangusha Jamhuri kwa kuwatii makamanda badala ya dola. Chimbuko kubwa la kauli hii ni "Vita vya Jugurtha", kitabu cha Sallustius kilichoandikwa kama miaka ya 41-40 K.K. Katika makala haya tunakihakiki kitabu hicho kama kazi ya fasihi, kwani tunaona kwamba wasomaji wengi wameichukua hukumu ya mtunzi wakaiita historia.

Kimaudhui, kitabu kinasimulia vita vya Roma na Jugurtha, mfalme wa Numidia, huko kaskazini mwa Afrika. Kwa desturi, askari wa lejioni alitakiwa awe na kiasi fulani cha mali. Marius alimpokea kila aliyejitolea, na wengi wao walikuwa "capite censi", yaani "waliohesabiwa vichwa": watu ambao katika sensa hawakuwa na mali ya kuandikwa. Sallustius anataja maelezo mawili yaliyotolewa juu ya uamuzi huo: upungufu wa watu wanaofaa, au tamaa ya konsuli. Kisha anaongeza kwamba kwa mwenye uchu wa madaraka, maskini ndiye chombo bora, maana hana chake cha kukionea uchungu.

Kifani, mtunzi ni hodari. Hotuba anayomvika Marius imejengwa juu ya ukinzani: waungwana wana sanamu za mababu, Marius ana mikuki na makovu kifuani. Hata hivyo, hatuna budi kukumbuka kwamba wanahistoria wa kale walizitunga wenyewe hotuba za wahusika wao. Mwanafunzi anayeandika "Marius alisema" anapaswa kuandika "Sallustius anamsemesha Marius".

Udhaifu mkubwa tunaouona ni kwamba masimulizi yenyewe yanaipinga hukumu ya mtunzi. Kabla ya Marius, ni nani walionunuliwa na Jugurtha? Katika kitabu hichohicho ni maseneta na makamanda wa ukoo bora. Jeshi la Aulus Postumius liliposhambuliwa usiku huko Numidia, aliyemfungulia adui njia ni akida mkuu wa lejioni ya tatu, na jeshi zima likapitishwa chini ya nira. Hilo lilikuwa jeshi la utaratibu wa zamani. Kinyume chake, baada ya maskini kuandikishwa, Sallustius mwenyewe anakiri kwamba kuruta na wakongwe walilingana kwa ushujaa upesi. Ushahidi uko upande wa makabwela. Hukumu imeelekezwa dhidi yao. Na anayewahukumu ni mtu aliyetawala Afrika Mpya mwaka 46 K.K., na ambaye, kwa mujibu wa Cassius Dio, alituhumiwa kuwapora wenyeji.

Aidha, "mageuzi ya Marius" kama mpango mmoja ni jengo la wasomi wa karne ya 19. Sheria ya Gaius Gracchus ya mwaka 123 K.K. ilikwisha kuagiza askari wapewe mavazi kwa gharama ya dola. Hakuna mwandishi wa kale anayesema kwamba Marius ndiye aliyeanzisha kohorti. Plutarch anamtaja kwa mabadiliko madogo ya mkuki wa kurusha, na Pliny kwa tai kuwa nembo kuu ya lejioni.

Kwa upande wa tafsiri, uchaguzi wa neno una uzito. Tukisema "makapuku" tunacheka pamoja na mtunzi. Tukisema "walalahoi" au "makabwela" tunawaonea huruma. Kilatini hakifanyi lolote kati ya hayo. Kinasema tu kwamba walihesabiwa vichwa. Kichwa cha makala haya kimeegemea upande, nasi tunalikiri hilo. Lakini ndani ya tafsiri yenyewe tunapendekeza "waliohesabiwa vichwa", ili msomaji aamue mwenyewe.

Ni kweli kwamba mwaka 88 K.K. askari walimfuata Sulla kuingia Roma kwa silaha. Lakini dola iliyowaita vitani haikuwa na utaratibu wa kudumu wa kuwatunza walipostaafu. Shamba lilitegemea nguvu za kamanda. Hazina maalumu ya askari ilianzishwa na Augustus mwaka 6 B.K., zaidi ya miaka 100 baada ya uandikishaji wa Marius. Mtu huegemea pale anapopewa riziki. Sallustius aliona umaskini wa askari akauita hatari. Katika hukumu hiyo hakuuliza ni nani aliyewaacha bila kitu. Swali hilo ndilo tunalowaomba wanafunzi wetu waanze nalo kila wanapokisoma kitabu hiki.