Mkanda Hushika Mifupa

Tulikuwa njiani kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro. Shemeji yangu, mjamzito wa miezi saba, alikaa mbele pamoja na kaka, mimi nikawa nyuma. Alivuta mkanda, akauchomeka, ukalia "tak", akaegemea. Nilipochungulia nikaona kipande cha chini kimepita katikati ya tumbo, na kile cha juu amekitoa begani akakipitisha chini ya kwapa kwa sababu kilikuwa kinamsugua shingo. Askari wa barabarani angempungia mkono apite. Lakini kwa namna mkanda ule ulivyobuniwa, alikuwa hajafunga kitu.

Aliyeubuni ni Nils Bohlin, mhandisi wa Sweden. Kabla ya kujiunga na Volvo mwaka 1958 alifanya kazi Saab, kwenye viti vinavyomrusha rubani nje ya ndege ya kivita, kwa hiyo suala la kuushika mwili katika mshtuko mkubwa halikuwa geni kwake. Mikanda ya magari ilikuwepo tayari, na kila aina ilikuwa na kasoro yake. Wa kiunoni peke yake uliacha kifua na kichwa vitupwe mbele. Wa mshazari peke yake uliacha kiuno kiteleze. Mingine ilikutana kwenye kifungio kilichokaa juu ya tumbo, kwa hiyo gari likigonga, chuma kile kinakandamiza ini na utumbo.

Bohlin aliunganisha vipande viwili: kipande kimoja juu ya nyonga, kingine kutoka begani kukatiza kidari, vyote vikikutana chini, pembeni mwa kiti. Jambo kubwa liko hapo pembeni. Kwa kuwa makutano yako chini kando ya nyonga, mvuto wa ajali unaubana mkanda palepale ulipo, haupandi tumboni. Tena unafungwa kwa mkono mmoja, na Bohlin aliona mapema kwamba kifaa kigumu kufunga hakitafungwa. Gari la kwanza lenye mkanda huo lilikabidhiwa kwa mnunuzi mjini Kristianstad, Sweden, Agosti 1959. Volvo ikaiacha hataza yake wazi ili watengenezaji wengine nao wautumie. Mwaka 1967 Bohlin alitoa uchambuzi wa ajali zaidi ya 28,000 za Sweden: baadhi ya wasiofunga walikufa katika kila kiwango cha mwendo, ilhali miongoni mwa waliofunga hakuna aliyekufa katika mwendo wa chini ya maili 60 kwa saa, yaani kama kilomita 96.

Sasa tuone mkanda unafanya kazi gani hasa. Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, wewe pia unakwenda kilomita 50 kwa saa. Gari likisimamishwa na ukuta, mwili wako hauna habari hiyo. Unaendelea na safari hadi ukutane na usukani, dashibodi au kioo. Ni sawa na kuanguka kutoka mita 10 hivi. Mkanda unakufanya usimame pamoja na gari wakati bodi ya mbele inajikunja. Tuseme jumla umepata nusu mita ya kusimamia: mwili unapokea nguvu kama mara 20 ya uzito wake, na mtu wa kilo 70 anakuwa kama tani 1.4 zinazoning'inia kwenye mkanda usiotimiza upana wa vidole vinne.

Nyama laini haiwezi kubeba mzigo huo. Mifupa inaweza: fupanyonga, mbavu, mtulinga. Ndiyo maana kipande cha chini kinatakiwa kilale chini kabisa, kigusane na mifupa miwili inayojitokeza mbele ya nyonga, na kwa mjamzito kipite chini ya tumbo. Cha juu kipite katikati ya bega na katikati ya matiti, kisha pembeni mwa tumbo. Ukikipitisha kwapani, mzigo wote unaangukia mbavu za chini, ambazo nyuma yake kuna ini na wengu. Mkanda uliojisokota nao unageuka kamba. Koti zito linaweka ulegevu, na kila sentimita ya ulegevu ni sentimita unayorushwa kabla ya kushikwa. Kiti kilicholazwa ili mtu asinzie ni kibaya zaidi, kwa sababu mwili unateleza chini ya mkanda, nao unapanda tumboni.

Kuhusu mtoto wa kupakatwa nitasema moja tu. Kwa hesabu ileile, mwenye kilo 10 anakuwa na kilo 200. Hakuna mama mwenye mikono ya kushika kilo 200.

Kenya ililibeba suala hili kwa nguvu. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilitaka kila kiti cha matatu kiwe na mkanda. Naziheshimu sana kanuni zile, kwani ziliuhesabu uhai wa abiria wa nyuma kuwa sawa na wa dereva. Na abiria wa nyuma asiyefunga hajiumizi peke yake: anamgonga aliye mbele yake kwa uzito ule wa tani.

Tuliposimama Chalinze nilimwambia, "Shemeji, tuurekebishe huo mkanda." Tulisimamisha mgongo wa kiti, tukashusha kishikizo cha mkanda kwenye nguzo ya mlango hadi ukaacha shingo, akakiteremsha kipande cha chini mpaka chini ya tumbo kisha akauvuta wa juu kuondoa ulegevu. Akapumua. Halafu akageuka: "Na wewe, shemeji?"

Nilikuwa sijafunga. Vifungio vya nyuma vilikuwa vimezikwa chini ya kava ya viti, iliyovalishwa gari lilipofika kutoka bandarini ili vitambaa visichafuke. Kaka alizima injini. Tulifungua kamba za kava moja moja, tukaingiza mikono kwenye upenyo wa kiti, tukavitoa vifungio vyote vitatu vikiwa na vumbi na maganda ya karanga. Kava tuliikunja tukaiweka buti.